Mikono Minne ya Vanishi

Kura zilikuwa nne kwa tatu.
Wa nne alikuwa Orrin, mpwa wangu:
alinyoosha mkono huku akitazama viatu vyake
kama mtoto aliyeitwa ubaoni na hajui jibu.
Simlaumu. Paa peke yake lilitaka dola laki sita,
na Tisdal nzima haifiki watu mia mbili
hata ukiwahesabu na mbwa wa Lavonne.

Kuanzia Septemba basi la manjano
litawabeba watoto saa kumi na mbili kasorobo, gizani,
maili arobaini na moja za ngano na upepo
hadi Brandvold, shule tuliyofundishwa
kuichukia kila Ijumaa jioni
na kuisahau Jumamosi, tukienda huko kununua vipuri.

Mimi ndiye mfagizi.
Nina funguo thelathini na tatu;
saba kati yake sijui zinafungua nini.

Ukutani, karibu na ofisi, wamo wahitimu wa 1931,
nyuso thelathini na nane, wavulana wamekaza midomo
kana kwamba mpiga picha ni daktari wa meno.
Tembea kuelekea mlango wa nyuma:
fremu ni zilezile, upana uleule,
nyuso ndizo zinazopungua.
Mwaka wetu tulikuwa kumi na wanne,
mimi ni yule aliyefumba macho.
Mwaka huu ni watano,
wameachana ndani ya kioo kama meno ya mzee.

Fremu zote ni kazi ya Delmar Haugstad, seremala.
Kabla hajafa alichonga za akiba, kumi na moja,
zimo chumba cha tanuri, zimefungwa magazeti,
na mgongoni mwa kila moja mwaka, kwa penseli.
Ya mwisho ni 2036.
Hesabu ya mbao aliijua vizuri.

Twyla Vejvoda wa darasa la saba alikuja kunisaidia kupanga viti.
Akaziona. Akahesabu kwa vidole,
akavuta moja, akaiinua usoni, akachungulia:
upande wa pili nilikuwa mimi na dekio.
"Naweza kuichukua?"
"Ni mali ya wilaya," nikasema,
maana hilo ndilo jibu.
Kisha nikaenda stoo kutafuta kitu
ambacho hatujawahi kuwa nacho,
nikakitafuta kwa muda mrefu.
Niliporudi zilikuwa kumi.

Kila Juni ukumbi wa mpira wa kikapu
hupakwa vanishi, mikono minne.
Mwalimu mkuu alisema, Ardis, safari hii acha,
huenda wakaligeuza jengo ghala la nafaka.
Nikasema sawa.
Nikafungua ndoo.

La kuvunda halina ubani,
lakini sakafu ina vanishi.
Mkono wa kwanza ukanywewa wote, mbao zilikuwa na kiu.
Wa pili ukafunika mikwaruzo,
isipokuwa pale kwenye mstari wa adhabu
ambapo Gayle Sorum alikosa, sekunde mbili zikibaki,
na hata leo, babu mzima,
akiingia dukani kuna watu humpisha kama mfiwa.
Wa tatu sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Wa nne nilianzia upande usio wake.
Miaka ishirini na sita nimeifanya kazi hii kinyumenyume, sijakosea,
na sasa nimeegemea kona, chini ya ubao wa magoli
ambao taa za WENYEJI ziliungua zamani
na za WAGENI zinawaka zote.
Mlango uko ng'ambo.
Katikati, ukumbi mzima umelowa,
unang'aa, hauna hata alama ya unyayo.

Saa nane kukauka, kopo linasema.
Nikavua viatu, nikakaa ngazi ya kwanza.
Nyumbani kuna kuku wa jana, anaweza kungoja.