Sifuri ya Igogo

Umeme ulikatika saa tisa alasiri
kisu kikiwa ndani ya chuma.
Mashine haikulia. Ilinyamaza tu, kama mtu
aliyesahau katikati ya kauli alichotaka kusema.
Yale maji meupe ya kupozea yakaendelea kudondoka,
to, to, to,
kisha nayo yakaacha.

Nje, dereva wa kiwanda cha pamba cha Misungwi
alilaza kiti cha lori, akafunika uso kwa kofia.
Mhimili wao umevunjika tangu juzi,
marobota hayafungwi, wakulima wanalala juu ya viroba vyao.
"Dada Ng'washi, si hii inajiendesha yenyewe?"

Inajiendesha, ndiyo.
Mbuzi naye hujilisha, urefu wa kamba yake.
Kamba hii naifunga mimi,
herufi, namba, nukta,
na nikikosea fundo, mbuzi atakula shamba.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika nukta sifuri tano
pahali pa nukta tano.
Sifuri moja. Kitu kisicho kitu.
Mashine haikuniuliza, "Una hakika?"
Ilikereza kwa utiifu, ikaling'arisha kosa langu
mpaka nikauona uso wangu ndani yake.
Bwana Lugembe hakufoka.
Alinipa maikromita, akasema, "Soma."
Nikasoma. Akasema, "Soma tena."
Chuma kilichopungua hakina dawa.
Ule mhimili upo hadi leo, unazuia mlango usijifunge,
kila asubuhi najikwaa kidole pale pale.

Na mji huu, sijui nani aliupima.
Jabali limekalia jabali, nyumba imekalia jabali,
choo kimeegemea nyumba,
hakuna aliyeleta venia,
na mvua za masika zinapita, asubuhi vyote viko palepale.
Mimi nalipwa kwa mia mbili za milimita.
Unywele wangu mmoja ni mnene kuliko ruhusa yangu.

Saa mbili usiku umeme ukarudi.
Skrini ikawaka kijani, namba zote zimejipanga,
namba zote waongo:
mashine haijui tena iko wapi.
Ndivyo ilivyo, ikizimwa ghafla hupotea
ikiwa imesimama palepale.
Nikairudisha nyumbani, mhimili mmoja mmoja,
taratibu, mpaka swichi ya mwisho ikasema ka.
Kisha nikachana risiti ya duka la Kashinje,
sukari nusu, mkaa, vocha,
nikaipitisha kati ya kisu na chuma,
nikasogeza, nikavuta, nikasogeza, nikavuta,
mpaka karatasi ikashikwa kidogo,
kama mtoto anavyoshika gauni la mama sokoni.
Hapo. Sifuri ni hapo.
Nikatoa unene wa risiti, nikabonyeza.

Wakati huo vijidudu vya ziwani vilikuwa vimefuata taa,
wingu zima, kimya kama moshi.
Nikausogeza ule mhimili mbovu kwa mguu,
mlango ukajifunga, joto likabaki nasi.
Nyuzi za chuma zikajikunja zikianguka,
za buluu, kisha za rangi ya majani makavu.

"Imekwisha?" dereva aliuliza kupitia kioo.
Imekwisha kukatwa. Haijaisha.
Samaki mkunje angali mbichi,
lakini chuma kipime kikishapoa;
kikiwa moto hujitanua, hudanganya,
hujiita kikubwa.
Akacheka, akadhani nasema watu.

Tukakaa. Alinipa nusu ya muhogo wake.
Saa sita kasoro nikafuta mafuta, nikafunga maikromita,
nikasoma.
Nikasoma tena.

Akauvingirisha kwenye gunia, akaubeba kifuani,
lori likapanda kilima kwa gia ya kwanza.
Nikafungua mlango, nikaurudisha ule mwingine mahali pake.
Upepo wa ziwa ukaingia, wa baridi,
na kila kipande mezani
kikasinyaa kidogo
bila kuniambia.