Hesabu ya Giza

Karatasi ya fundi Lijodi imekaa mezani tangu Machi,
imekunjwa mara nne, ina doa la chai
pale penye jumla.
Laki moja na elfu themanini na tano, bila usafiri.
Betri moja, nyeusi, ya kutundikwa ukutani
kama picha ya marehemu.

Paneli sita tunazo. Tulizinunua kwa mkopo wa chama,
na sasa zimelala juu ya mabati zikinywa jua la Shinyalu
tangu umande ukauke hadi saa tisa,
saa ambayo kila mtu hapa huanua nguo bila kutazama juu.
Kisha mawingu yanatoka msituni,
radi inapasua anga upande wa Khayega,
stima inapotea.
Nazo paneli zetu, kwa heshima, huzima pamoja nayo.

"Jua ni mahindi," alisema Lijodi, "nanyi hamna ghala."
Maneno matamu. Huyu angemuuzia samaki maji.
Lakini mahindi hayana waranti,
na ghala la baba, la fito, limesimama miaka arobaini
likiliwa na mchwa taratibu, kwa adabu.
Hili lake litakufa baada ya miaka kumi,
na sijui betri huzikwa wapi.

Basi nikaanza kuhesabu. Mwalimu wa hesabu hastaafu.
Kalenda ya duka la mbolea ikawa daftari:
Aprili, giza mara kumi na moja,
jumla saa ishirini na tatu.
Nikazidisha kwa miezi, nikazidisha kwa miaka kumi,
nikaigawanya bei ya fundi,
nikapata saa moja ya mwanga kwa shilingi sitini na saba.
Nikamsomea Muhonja jibu langu
kwa tochi ya simu.

Hakuinua kichwa. Cherehani ilikuwa imemfia
katikati ya kola,
sare thelathini na mbili, shule zinafunguliwa Jumatatu.
Alikuwa anazungusha gurudumu kwa mkono,
tundu kwa tundu, kama anayevuta ng'ombe mkaidi.
"Umezifanya saa zote sawa," akasema.
"Mwalimu, saa hazilingani."

Nikairudia kalenda.
Tarehe sita: Khavere na kitabu cha kemia,
mshumaa ukamuunguza nywele za mbele,
harufu ikabaki chumbani hadi asubuhi.
Tarehe kumi na nne: nilikuwa usingizini,
giza lilikuja likaenda, halikunidai kitu.
Tarehe kumi na tisa
sikuiandikia dakika.

Tuliketi barazani. Mvua ilikuwa imebaki kwenye migomba tu,
ikidondoka jani hadi jani.
Vyura wa bondeni walikuwa na kesi yao.
Naye Muhonja, kwa kuwa uso wangu haukuonekana,
wala wake,
akazungumza habari za mtoto aliyetutoka kabla ya Khavere.
Kumbe alikuwa amempa jina.
Miaka kumi na minane nimelala ubavuni mwa jina hilo.
Akalitaja. Mara moja, kwa sauti ya kawaida,
kama anayeita mtu aje ale.
Halafu stima ikarudi, redio ikapiga kelele ndani,
akainuka kwenda kutazama maharagwe.

Ile nayo iwe shilingi sitini na saba?

Leo asubuhi nimempigia Lijodi.
Nimemwambia apunguze. Betri iwe mpya, lakini ndogo,
waya mmoja uende kwenye cherehani,
mwingine juu ya meza ya Khavere.
"Na barazani, mwalimu? Taa ya usalama,
siku hizi kila boma linaweka."
Barazani aache.
Akadhani mtandao unakatika, akauliza tena.
"Acha," nikasema. "Pale giza lina kazi."

Akanyamaza kidogo.
Kisha akataka kujua kama aiondoe ile taa kwenye jumla.
Nikamwambia aiondoe.