Pindo la Umazi

Daftari langu la vipimo lina jalada la buluu,
limelowa mafuta ya cherehani pembeni.
Ukurasa wa kumi na tisa:
Umazi Karisa. Rinda la shule, kijani.
Bega kumi na tatu. Kiuno ishirini na tatu.
Urefu: hapa alijinyoosha, akacheka,
"Fundi, ongeza, mimi bado naota,"
nikaacha pindo la vidole vinne.
Baki, shilingi mia mbili.

Jumamosi hakuja.
Jumatatu Kongowea nzima ilikuwa na habari
kabla viazi havijashushwa kwenye lori:
machimbo ya mawe, nyuma ya Utange,
kiatu kimoja.
Mteja akasema, "Ni kasichana ka Kigiriama,"
kana kwamba hilo ni jibu,
akaendelea kubonyezabonyeza nyanya.

Polisi walimwandika kwa namba.
Waliotaka yaishe nyumbani walimpelekea bibi yake
mbuzi wawili na dumu la mnazi.
Hawe Mbodze alifungua kizibo
akamwaga lote mlangoni, polepole,
mpaka nzi wakalewa.
Mbuzi aliwakata kamba.
Kesi imeahirishwa mara saba. Mara ya tano
hakimu alikuwa likizoni. Ya sita,
faili lilikuwa limekwenda likizo.

Kila Januari anakuja kwa miguu kutoka Kisauni,
hando limemkaa kiunoni, mikunjo imehesabiwa,
ananilipa hamsini.
Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Hawe, lichukue tu."
Akanitazama nilivyostahili.
"Nikilichukua, utampiga mstari."

Basi linaning'inia pale,
kati ya kanzu za Idi na gauni la bi harusi,
na yeye akishaondoka nalishusha,
nalifumua, naliteremsha kidole kimoja.
Alama ya pindo la zamani naipiga pasi
haitoki.

Januari hii kidole kilikuwa cha nne.
Kitambaa kimekwisha. Deni nalo limekwisha.
Nikamwonyesha daftari, sifuri yangu,
nikidhani atalia, au atalikunja rinda aende nalo.
Akafungua fundo la leso,
akaweka noti nyingine juu ya cherehani.
"Mpime upya," akasema.

Nikautoa utepe shingoni.
Nikasimama mbele ya hewa, mikono imenyanyuka,
naye akaniongoza: mamake alikuwa na kiuno chembamba;
shangazi zake wote warefu; usimbane kifuani,
ana miaka kumi na sita sasa.

Ukurasa mpya.
Umazi Karisa.
Bega kumi na tano, tukakubaliana.