Pete ya Mnyororo

Bor, mwezi wa Februari.
Theluji ya hapa huanguka nyeupe,
hufika chini ina rangi ya majivu,
na mgeni wa mji hukohoa kabla ya kusalimia.

Mwaka wa tatu. Maabara ya chini,
mimi, Radojka, na mashine ya kung'arishia
ambayo mkanda wake umeungwa kwa waya tangu enzi za Yugoslavia.
Msasa namba mia nne. Mia nane. Elfu moja na mia mbili.
Kila ukibadilisha, geuza sampuli robo mzunguko,
ufute mikwaruzo mikubwa kwa mikwaruzo midogo.
"Ndiyo elimu yenyewe," husema Profesa Zdravković,
naye hacheki, hata hatujui tucheke au tuandike.
Radojka huandika.

Wenzangu wamechukua sampuli za kabatini.
Mimi nimeleta ya nyumbani:
nusu ya pete ya mnyororo wa winchi,
nzito kama deni,
iliyokaa miaka kumi na mmoja chini ya mguu wa meza ya jikoni
ili supu isimwagike.

Siku ile, kwenye tanuri la shaba, pete hii ilikatika
na pete ya ndoa ikaenda nayo,
pamoja na kidole kilichoivaa
na kidole jirani.
Ripoti ilikuwa na mistari minne. Wa mwisho:
uzembe wa mwendeshaji.
Baba akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo.
Hakubisha.
Miaka ishirini alichuma kwa chuma,
akaamini chuma hakisemi uongo,
basi mwongo atakuwa yeye.

Alkoholi, na matone machache ya asidi.
Hesabu hadi kumi na mbili. Suuza.
Kausha kwa mashine ya nywele ya mama yake Radojka.

Chini ya hadubini, chuma si kitu kimoja.
Ni mashamba na mipaka yake,
punje imebanana na punje, hakuna aliyemwuliza mwenzake jina.
Na pale ukingoni, uzi mweusi: mavi ya chuma,
yaliyosahauliwa humo siku kilipomiminwa,
kabla baba hajaajiriwa,
pengine kabla hajamwona mama.
Ufa ulianzia hapo.
Ulitembea taratibu, mzigo mmoja hatua moja,
ukipumzika Jumapili,
ukaacha mistari kama ya ganda la kome.
Kikulacho ki nguoni mwako;
cha chuma ki ndani ya punje.

Profesa aliinama kwa muda mrefu.
"Uchovu," akasema.
Kisha, bila kunitazama: "Wa chuma."

Nilimpigia baba jioni. Nikaeleza vibaya,
nikarudia, nikataja salfa, nikataja mistari.
Nyuma yake televisheni ilikuwa ikisoma hali ya hewa.
"Kwa hiyo kilikuwa kimechoka," akasema.
"Ndiyo, baba."
Hali ya hewa ikaisha.
"Meza inayumba," akasema. "Ukimaliza, kirudishe."

Sikumwambia nimekikata vipande vitatu.
Nimevipanga, nimevipima:
milimita nne hazipo,
zimekuwa vumbi la msumeno.
Si neno. Jumamosi nitafungua ile droo.
Karatasi ile, ikikunjwa mara tano,
itatosha kuziba.