Tisa Juu ya Kumi na Sita

Miaka thelathini na mmoja nilisimama ubaoni, Mabogini,
nikifundisha sehemu: kiasi juu, asili chini,
na kila mwaka aliinuka mtoto mmoja wa dawati la nyuma
akauliza, Mwalimu, hizi zitatufaa nini?
Nilimwambia atulie, zitakuja kutumika.

Zimekuja.
Trekta langu ni Masi la mwaka sabini na moja,
nililipata kwenye mnada wa kiwanda cha sukari
kwa nusu ya kiinua mgongo,
na nati zake zote ni za inchi.
Spana za Moshi nzima ni za milimita.
Kumi na nne haiingii.
Kumi na tano inaingia, inazunguka, inacheza,
inalamba kona za nati hadi ibaki mviringo kama goroli.
Jibu ninalo: tisa juu ya kumi na sita.
Nimelikokotoa mara mbili nyuma ya kadi ya harusi.
Jibu halifungui kitu.

Giaboksi iko barazani, juu ya magunia.
Pistoni tatu zimelala kwenye sufuria ya kiburu,
na Aikande, mwenye sufuria, hajalalamika.
Jana aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa,
kama kuku anaweza kunywa dizeli akataga.

Ekari saba nimeshalipwa, na malipo nimeyala:
karo ya mjukuu, gunia la unga, gasketi.
Mzee Foya, mwenye mbili kati ya hizo saba,
hupita kila asubuhi kunijulia hali.
Hanidai. Halitazami trekta.
Anautazama mlima tu,
na wingu likishuka hadi Kibosho
anakohoa.

Boliti ya nozeli ya pili ilikatika shingo:
kichwa mkononi mwangu, kiwiliwili ndani ya injini.
Nikaketi chini kwenye majivu ya moto wa juzi
nikalitukana lile chuma kwa Kichaga,
lugha ambayo sikuwahi kumtukania mwanafunzi.

Pasua, kwenye vyuma chakavu,
kijana alizamisha mkono kwenye debe la grisi
akafukua spana nyeusi, namba zimefutika nusu.
Elfu ishirini, Mwalimu.
Hapo ndipo nilipomtambua: Elirehema,
dawati la nyuma, upande wa dirishani.
Nikamwomba apunguze.
Akaisugua kwa kidole hadi namba zikatoka.
Tisa juu ya kumi na sita, akasema,
hairahisishwi zaidi ya hapo.
Ulinichapa mpaka nikaelewa.
Nikalipa.

Siku nne za kukaza. Siku moja ya kufungua
nilichokaza kinyume.
Usiku mzima wa kutoa upepo kwenye pampu,
tone, povu, tone, povu,
tochi ikiwa mdomoni kama mfupa.

Leo tumelisukuma kwenye mteremko wa mfereji,
mimi, Foya, na watoto waliochelewa shule makusudi.
Likapiga chafya. Likatema wingu jeusi
lililofuta mlima, Foya na nguo za kwenye kamba.
Kisha likaunguruma.

Watoto wakashangilia, wakaenda kuchapwa.
Foya akavua kofia.
Mimi nikakumbuka kwamba selfu haipo,
iliuzwa kabla ya mnada,
na nikilizima hapa tambarare
haliwaki tena.

Basi nimeketi juu yake tangu saa mbili.
Jembe liko nyuma ya choo, halijafungwa.
Dizeli imebaki robo, labda theluthi;
geji haisemi ukweli.
Aikande amenipandishia chai kwenye kikombe cha bati,
inatetemeka, nusu imeishia kwenye suruali.
Anapaza sauti juu ya ngurumo:
nimechukua sufuria yangu!
Anainama, anaitazama ndani,
ananiinulia nione:
nati tatu, safi, zimepakwa mafuta,
ambazo sijui zilitoka wapi.