Zamu ya Saa Nane

Usharika mzima uko kwenye mkesha.
Mimi niko Kidia juu, na jembe, na tope,
nasubiri maji ya mfongo.
Nimekuja nimenuna.
Sala yangu ni moja tu: Ndekirwa asiniibie zamu.

Hatusemezani tangu ule mpaka.

Saa nane kasoro
majani makavu yakaanza kusogea gizani.
Kisha ubaridi, vidoleni.
Ameyafungulia mapema.

Yalikuja na povu, na kandambili ya mtoto,
na jani moja la sale,
labda lilianguka lenyewe.
Sikuuliza.

Nikazima tochi.
Migomba ilikuwa inakunywa
kwa sauti, kama ng'ombe.

Kule chini kanisa likawa linaimba,
linamwita ashuke.
Mimi nilikuwa nimeshavua viatu.