Duara Nyuma ya Kiti

Miaka mitatu baba alikalia kiti kimoja,
kichwa ukutani, macho mlangoni,
tangu kiwanda cha pareto kilipomwambia
aende nyumbani angoje kuitwa.
Nyuma ya kichwa chake ukuta ukaota duara
la mafuta, nono, kama alama ya kikombe mezani,
ila kikombe cha jitu.

Ukuta wenyewe ulikuwa krimu.
Nyumba zote za kupanga hapa Shabab ni krimu:
rangi ya mwenye nyumba asiyetaka kujua
nani anaingia, nani anatoka.
Na vumbi la Nakuru, Januari,
likipita chini ya mlango bila hodi,
huifanya krimu ile ifanane na maziwa
yaliyolala siku mbili bila kuchemshwa.

Nikasema, dawa ni rangi.
Nilikuwa nimetoka dukani kwa Kimotho
anayechanganya kwa mashine na kunena kama daktari:
buluu hupoza, njano huchangamsha,
nyekundu usiiweke chumbani mwa watu wenye deni.
Akanipa vikopo vitatu vya kuonja.
Nikauonjesha ukuta.

Njano kwanza, kiraka cha upana wa gazeti.
Baba akageuza kichwa.
"Hilo ni ua la pareto," akasema,
"tumbo lake, kabla halijakaushwa.
Nimelipima kwa magunia. Litoe."
Nikaleta buluu.
"Hospitali ya mkoa. Wodi ya wanaume."
Nikaleta waridi iliyofifia, rangi ya heroe wa ziwani.
"Hao huhama," akasema,
akarudisha kichwa mahali pake,
katikati ya duara.

Wiki nzima viraka vitatu vilitutazama.
Mama Cherotich alikuja kuomba chumvi,
akauliza kama tumefungua nasari.

Jumamosi nikaacha kuuliza.
Nikavimwaga vyote katika karai moja,
na krimu kuukuu iliyokuwa chini ya kitanda,
nikakoroga kwa mti wa fagio
ikatoka rangi ambayo Kimotho hana namba yake:
uji wa wimbi
uliotiwa maziwa na mtu mchoyo.

Nikapaka kama anayefukuza nzi.
Matone juu ya redio, juu ya kalenda,
michirizi ikilia hadi sakafuni.
Nyuma yangu kiti kikalalamika.

"We Mideva!
Brashi haishikwi kama mwiko wa ugali.
Anza juu. Ikung'ute ukingoni.
Usirudie kabla haijakauka.
Nani alikufundisha ujinga huu?"

Na alikuwa amesimama.
Kwa soksi, kifungo kimoja kimekosa tundu lake.
Akaninyang'anya brashi.

Sikusema neno. Kuna furaha
ukiitaja inarudi kukaa.
Nikamshikia karai, naye akapanda juu ya kiti,
kiti kilekile, kwa miguu miwili,
akazipaka kona za juu,
akiitukana kazi yangu kwa Kilogooli
mpaka mchana ukaisha na chai ikapoa
ikafanya ngozi.

Kimotho akiniuliza, sitajua kumjibu
kama rangi ya uji hupoza au huchangamsha.
Jioni ile madirisha yalikuwa wazi,
harufu imetufukuza sote nje,
na baba kizingitini akikwangua kucha,
akimweleza Mama Cherotich, ambaye hakuwa ameuliza,
tofauti ya brashi ya inchi mbili na ya inchi nne.

Lile duara limerudi.
Tulilipaka mara tatu; mafuta hayasikii.
Kiti tumekihamishia dirishani,
nalo limebaki kwenye ukuta mtupu,
linangoja kuitwa.